Sifa za Karani wa Kodi ya Ndege ya Gereji

Marubani wamesifiwa vya kutosha. Mafundi nao wana sifa zao, na hata upepo umeimbwa. Leo naomba nafasi nimsifu mtu ambaye sijawahi kusikia akipigiwa makofi: karani wa kodi wa jimbo, kule Marekani, anayempelekea barua fundi aliyejiundia ndege kwenye gereji ya nyumbani kwake. Wenye ndege humwita majina yasiyochapika. Nasema wamemkosea adabu. Tangu bati la kwanza hadi siku ya kuruka, ni yeye peke yake asiyekuwa na shaka.

Tuanze na huyo fundi. Sheria za Marekani zinamruhusu mtu wa kawaida, mwalimu wa shule au daktari wa meno, kujiundia ndege na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mikono isiyo ya kiwanda, kwa ajili ya elimu au burudani tu. Chama chao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 huko Wisconsin na Paul Poberezny, na kila kiangazi watu wa kazi hiyo humiminika mjini Oshkosh kuonyeshana walichokiunda. Siku hizi wengi hununua seti ya vipande. Kampuni maarufu zaidi, Van's Aircraft ya Oregon, imeshuhudia ndege zaidi ya 11,000 za miundo yake zikiruka. Neno seti lisikudanganye. Kinachokuja ni masanduku, na baada ya masanduku ni miaka ya kutoboa matundu, kusugua kingo za aluminiamu na kupiga maelfu ya ribiti, jioni baada ya jioni, huku gari la mama watoto likilala nje kwenye theluji.

Miaka yote hiyo hakuna anayemwamini. Jirani anachungulia juu ya ua na kuuliza kama ile ni boti. Shemeji anauliza, kwa upole unaokera, kama bima ya maisha imelipiwa. Serikali yenyewe, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, FAA, inashuku kwa maandishi. Inamtaka aandike karibu na mlango, kwa herufi za kati ya inchi 2 na inchi 6, kwamba chombo ni cha majaribio. Inamtaka abandike mbele ya abiria kibao kinachoeleza kwamba ndege hii imeundwa na mtu asiye wa kiwandani na haikidhi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Hebu fikiria daladala lenye kibao hicho juu ya mlango! Kisha, kwa kawaida, inampangia eneo la kurukia mbali na makazi ya watu, azunguke humo bila abiria kwa saa 25, au 40 ikiwa injini na rafadha hazina cheti. Hata mwenyewe, ukimbana sana, atakiri kwamba mara ya mwisho kulala vizuri ilikuwa kabla hajaifunga injini.

Sasa basi, kabla mkaguzi hajaja kuikagua, ndege lazima iwe na namba, na namba hutoka kwenye rejista ya taifa iliyoko Oklahoma City. Kwa miongo mingi ada yake imekuwa dola 5, fedha isiyomnunulia mtu chakula cha mchana cha maana mjini humo. Anayetaka namba ya kuchagua, yenye mwaka wake wa kuzaliwa au herufi za jina la mkewe (nadhani ndiyo njia ya kumtuliza), huongeza dola 10. Namba huanza na N, kama zetu zinavyoanza na 5H Tanzania na 5Y Kenya. Fundi hujaza fomu, hutoa tamko kwamba chombo amekiunda mwenyewe na ni mali yake, kisha hupata cheti cha usajili kinachodumu miaka 7. Anafunga bahasha akiamini kwamba urasimu ameumaliza kwa bei ya soda mbili.

Hapo ndipo shujaa wangu anapoingia.

Rejista ya Oklahoma City imekuwa wazi kwa umma miaka mingi, na ofisi za kodi za majimbo huisoma kwa bidii ambayo viongozi wa dini wangependa kuiona kwa waumini wao. Zakayo ilimbidi apande mkuyu ili aone. Hawa wanaona wakiwa wamekaa. Barua inafika. Mabawa bado yananing'inia ukutani juu ya mashine ya kufulia, injini bado imo kwenye sanduku lake, rangi haijachaguliwa. Lakini barua imeshaamua: umesajili ndege, tafadhali eleza uliipata wapi, kwa shilingi ngapi zao, na kodi uliilipa wapi. Haiulizi kama itaruka. Haitaji majaribio. Hakuna mstari hata mmoja wenye wasiwasi wa shemeji. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, kuna mtu mzima, mwenye wadhifa na muhuri, anayekichukulia kilichomo gerejini kuwa ndege kamili yenye thamani.

Anayedharau ushahidi wa namna hiyo na akasome habari za ndugu Wright. Orville na Wilbur walikuwa mafundi wa baiskeli wa Dayton, Ohio, na ndege yao ilikuwa ya kujiundia kwa kila maana ya sheria ya leo. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, iliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita zipatazo 37. Haikuwa na namba, na hakuna jimbo lililowaandikia barua. Matokeo yake yakawaje? Magazeti ya Ufaransa yaliwaona waongo hadi Wilbur aliporuka mbele ya macho yao karibu na Le Mans mnamo Agosti 1908. Taasisi ya Smithsonian, kubwa kabisa nchini mwao, ikashikilia kwamba chombo cha Samuel Langley, aliyekuwa katibu wake, ndicho cha kwanza kilichokuwa na uwezo wa kumrusha mtu. Orville alikasirika hadi akaipeleka ndege yao kwenye jumba la makumbusho London mwaka 1928. Smithsonian haikuyameza maneno yake mpaka 1942, na ndege haikurudi nyumbani mpaka mwaka 1948, Orville akiwa ameshafariki. Miaka yote hiyo ya ugomvi, kisa hawakuwa na stakabadhi moja ya kodi ya mwaka 1904! Nani angebishana na stakabadhi? Mamlaka hayatozi kodi ya ndege kwa kitu kisichoruka, au angalau hayakubali kuonekana yakifanya hivyo.

Uzuri mwingine wa karani wangu ni werevu wake wa jiografia. Oregon, zinakotoka zile seti, haina kodi ya mauzo. Mkazi wa California akinunua huko anajiona mjanja, kana kwamba amevusha magendo usiku. Hajui kwamba mchana kweupe kuna kitu kinaitwa kodi ya matumizi: kile ambacho hukulipia ulikonunua utakilipia unakokitumia, na kiwango cha chini kabisa California ni asilimia 7.25. Ukileta seti, injini, rafadha na redio, hesabu inapanda kuliko ndege yenyewe. Ni kweli kwamba jasho la fundi mwenyewe halikuuzwa kwa mtu, kwa hiyo halistahili kutozwa kodi hiyo. Kinachotozwa ni vitu alivyonunua. Lakini karani asiyejua hilo akikadiria thamani ya ndege iliyokamilika, fundi anaruka kwa hasira kabla ndege yake haijaruka. Mtu ameambiwa na serikali kwamba ribiti alizopiga usiku zimezidisha thamani ya bati, na bado ananuna. Sisi wengine tumefanya kazi maisha yetu yote bila kuambiwa hivyo na mwajiri.

Kodi ya matumizi huja mara moja. Kwa wanaopenda uhusiano wa kudumu, California ina kodi ya mali, ambayo kaunti huitoza kila mwaka kwa thamani ya ndege ilivyo tarehe 1 Januari. Mthamini huuliza vifaa vilivyomo na saa ambazo injini imefanya kazi. Niambie ni rafiki gani mwingine anayekumbuka kila mwaka kuuliza afya ya injini yako. Na sheria hiyo hiyo ina ukarimu wa ajabu: ndege yenye umuhimu wa kihistoria huweza kusamehewa. Umuhimu huo hupatikana kwa kufikisha miaka 35, au kwa kuwa ya muundo ambao duniani hazijulikani kufika tano, mradi isiwe ya biashara na ionyeshwe kwa umma siku zisizopungua 12 kwa mwaka. Maana yake, fundi aliyechora ndege yake mwenyewe na kuunda moja tu anaweza kuingia katika historia rangi ikiwa bado mbichi. Makumbusho ya Langley yasingefanya haraka hivyo.

Kwa hiyo, msomaji mwenye ndugu au shemeji huko Marekani ambaye gereji yake imeanza kunukia rangi na gundi, usimkataze. Mwambie atunze risiti. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, imetuimbia wimbo huo miaka mingi, kwamba anayenunua adai risiti, tukauona wa wauza duka. Kumbe unamfaa zaidi huyu wa ribiti, kwa sababu atakachoweza kuonyesha kwamba kilishalipiwa kodi dukani hakitozwi mara ya pili na jimbo lile lile, na atakachoonyesha bei yake halisi hakikadiriwi kwa bei ya ndege ya jirani. Mwambie pia aijibu barua kwa heshima na kwa wakati, kwani anayemwandikia ndiye aliyemwamini kwanza.

Na kama anaishi jimbo la Washington, mwambie ukweli asiupate kwa watu. Huko kuna ushuru wa kila mwaka kwa ndege. Ndege ya kawaida yenye injini moja imepangiwa dola 50. Ya kujiundia, dola 20. Miaka yote ile, ribiti zote zile, kisha dola 20! Huyo ana kila haki ya kukata rufaa.