Mashine Isiyo na Mtungi

Umeamua. Bawaba ya geti imekatika kwa mara ya tatu, fundi aliyesema atakuja kesho bado yuko kwenye kesho yake, na dukani umeona mashine ya kuchomelea ndogo kama begi la shule. Muuzaji amekuapia kwamba hii haitaki mtungi wa gesi: waya tu, umeme tu, kazi. Mkono umeshaingia mfukoni. Utoe. Huu ni mwongozo wa kununua mashine, na hatua yake ya kwanza ni kutoinunua leo.

Leo nunua helmeti yenye kioo namba 10 au zaidi. Nunua na glavu ndefu za ngozi, kisha miwani ya wazi ya kuvaa unapotumia grainda na unapogonga chuma. Miwani ya jua unayoona mafundi wengi wakiivaa barabarani haitoshi hata kidogo. Mwanga wa kuchomelea una miale inayounguza ngozi laini ya jicho, na haikuambii papo hapo. Utakula chakula cha usiku vizuri, utalala, kisha saa saba usiku utaamka ukidhani mtu amekumwagia mchanga machoni. Majirani watakuletea vipande vya kiazi kibichi uviweke machoni. Viache viazi jikoni, nenda kwa daktari wa macho.

Na si macho yako peke yake. Mwanga ule unawavuta watoto kama taa inavyovuta kumbikumbi, nao hawana helmeti. Simamisha bati kuukuu au turubai zito kati yako na njia ya watu kabla hujawasha chochote. Hili naliomba kwa moyo wote, kwa sababu ndilo linalosahauliwa kila siku mitaani kwetu.

Sasa tuzungumzie jina la "mashine isiyo na gesi", maana linadanganya. Gesi ipo. Kwenye mashine ya mtungi, gesi hufunika chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiharibu. Kwenye hii yako, waya wenyewe ni mrija mwembamba uliojazwa unga, na unga huo ukiungua hutoa gesi yake na kuacha juu ya mshono gamba la mavi ya chuma. Ndiyo maana mashine hii inafaa uani. Gesi ya mtungi hupeperushwa na upepo, lakini waya wa unga hustahimili, hata kusi likivuma kwa kiasi. Gharama yake ni moshi, na moshi wake ni mwingi. Usichomelee chumbani wala stoo. Kaa nje, upepo ukupige ubavuni, kichwa kisiinamie juu ya moshi.

Chuma chenye zinki, yaani bomba la maji la mabati na ndugu zake wote, kina hatari yake. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na jioni utatetemeka kwa homa na baridi ukidhani ni malaria. Isage zinki yote mahali pa kuungia, huku umeziba pua na mdomo kwa barakoa inayofaa vumbi la chuma. Au acha bomba hilo kabisa. Watakushauri pia unywe maziwa. Maziwa ni mazuri kwa chai, lakini yanakwenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni, kwa hiyo hayawezi kuusafisha.

Kesho rudi dukani. Uliza kama mashine inatoa umeme wa DC, kwa sababu baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hutoa AC, na hizo humtesa anayejifunza. Kisha fungua kifuniko cha ubavuni uangalie nyaya. Kwa waya huu wa unga, kwa kawaida bunduki ya kuchomelea hukaa kwenye hasi na kibanio cha kushika chuma kwenye chanya. Mashine nyingi zinazokubali waya huu na ule wa mtungi wa gesi hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kinyume, na mwenye mashine hulaumu mkono wake mwezi mzima huku cheche zikimrukia kila upande. Tazama pia magurudumu yanayosukuma waya: yawe na meno madogo, na usiyakaze sana, maana mrija ukibonyea hautoki. Waya wa milimita 0.8 au 0.9 unatosha kazi za nyumbani. Ulioandikwa E71T-GS ni wa kupita mara moja tu. Ukitaka kurudia mshono juu ya mshono, chukua E71T-11.

Kwenye kibandiko cha mashine tafuta asilimia ya muda wa kazi. Ikiwa ni 20 kwa kiwango cha juu, maana yake ni dakika 2 za kuchomelea na 8 za kupumzika katika kila dakika 10. Mashine ndogo si mvivu, inapoa. Ukiilazimisha utaiua.

Umeme wa nyumbani nao una kikomo. Soketi ya amperi 13 kwa volti 230 haifiki wati 3,000, kwa hiyo zima pasi na jiko kwanza. Waya wa kurefushia uwe mnene, milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote, kwa kuwa ukiwa umezungushwa kwenye koili hupata moto. Gusa plagi mara kwa mara. Ikichoma vidole, simama.

Mavazi: pamba au jinsi, mikono mirefu, viatu vya ngozi. Jezi, iwe ya Simba au ya Yanga, ni plastiki iliyofumwa, na ikiyeyuka hushikana na ngozi. Kandambili hazina mjadala. Anua na kanga za watu kwenye kamba.

Haya, washa. Usianze na geti. Anza na vipande vya chuma chakavu vilivyosagwa hadi ving'ae, kwani kutu na rangi hutoboa mshono uwe kama mkate wa kumimina. Acha waya utokeze kama milimita 15. Bunduki ivute kama jembe, usiisukume kama toroli: mavi ya chuma yabaki nyuma yako, yasitangulie mbele yakazama ndani ya mshono. Bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5 hutoboka upesi, kwa hiyo shikiza pembe zote kwanza, kisha chomelea vipande vifupi, huku na kule, ukilipa nafasi ya kupoa.

Mshono wako wa kwanza mzuri usiuamini. Huenda umelala juu ya chuma bila kukiuma. Ubane kwenye jiriwa, uupige nyundo hadi upinde. Ukibanduka, rudi kwenye chakavu. Ukikataa kubanduka mara kumi, nenda kwenye geti. Stendi ya tenki la maji mwachie fundi, kwa sababu lita 1,000 ni tani moja juu ya vichwa vya watoto wako. Pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usiliguse, hata liwe tupu miaka mingi: mvuke uliobaki hulipuka.

Bawaba ikishika, gonga gamba, piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Waya uliobaki utoe kwenye mashine uufunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, hasa ukiishi Tanga au Mombasa, ambako hewa ya bahari huutia kutu upesi. Kisha vuta kigoda, weka ndoo ya mchanga karibu, unywe chai yako hapo hapo uani kwa nusu saa, ukiliangalia gunia lililo karibu na ulipofanyia kazi. Cheche iliyoingia kwenye gunia haina haraka.