Mita 270 za Heshima

Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na wanaoileta. Mara kwa mara hapa Goma linatokea shirika lenye gari jeupe na antena ndefu, linakodi ukumbi wa hoteli upande wa ziwani, linatundika kitambaa cha rangi tatu ukutani, kisha linatuita sisi walimu twende tukajengewe uwezo. Kama uwezo ungekuwa mawe ya volkeno, sasa hivi ningekuwa na ghorofa kule Himbi. Nimejengewa uwezo wa kunawa mikono, uwezo wa kufundisha amani, uwezo wa kumtambua mtoto mwenye majonzi, na uwezo wa kujaza fomu ya kuthibitisha kwamba nimejengewa uwezo. Safari hii ikawa zamu ya intaneti: tufundishwe zana za mtandaoni ambazo wanafunzi watazitumia kufanya kazi pamoja.

Kufanya kazi pamoja! Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ambako kitabu kimoja kinasomwa na dawati zima, na dawati la watoto wawili linakaliwa na wanne. Aliyeko kushoto anasoma mwanzo wa mstari, aliyeko kulia anasoma mwisho, na wale wa katikati ndio wanaopata maana. Ramani ya Kongo ni moja kwa shule yote. Ikiwa imekwenda kwa mwenzangu wa historia, mimi nauchora mto kwa chaki kutoka kichwani na kumwomba Mungu Kisangani iangukie mahali pake. Anayetaka kutufundisha kushirikiana na aje mwenye uhaba kutuzidi.

Lililonichoma zaidi ni hili. Tangu nishike chaki, nusu ya kazi yangu imekuwa kuwatenganisha watoto. Wewe, geuza uso! Wewe, funika karatasi! Anayekopia anapata sifuri, anayekopiwa anapata sifuri, na mzazi anaitwa. Mwisho wa njia kuna mtihani wa taifa, Exetat, ambao kila mtoto anaukabili peke yake na karatasi yake. Leo mkufunzi ananieleza kwamba mtoto anayesoma aliyoandika mwenzake na kuongeza la kwake anajenga maarifa ya pamoja. Basi wanafunzi wangu ni mafundi wa zamani. Kila asubuhi kabla ya kengele wanayajenga maarifa hayo kwenye kundi lao la WhatsApp: mmoja anapiga picha zoezi la hisabati, na darasa zima linakosea mahali pamoja.

Mkufunzi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Kijana wa Kinshasa, suti ya buluu, viatu vyenye ncha ambavyo mawe yetu yangevimaliza kabla ya Jumapili. Alianza kwa kutusimulia habari za Wikipedia: imeanza 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na yote imeandikwa na watu wa kawaida wanaojitolea, bila mshahara. Mwalimu aliyekaa nyuma yangu, ambaye ni NP, yaani yuko kazini ila serikali haijaanza kumlipa, akainua mkono na kuuliza kwa upole, "Mkufunzi, hao nao orodha yao iko Kinshasa?" Ukumbi ukacheka. Kijana naye akacheka, lakini niliona hajui tunachekea nini.

Kisha akasema kila mtu afungue simu yake. Simu yake, na mega zake za intaneti. Hapo watu wakaanza kutazamana. Mwalimu wa Goma huwa na mega za kutazama salamu za familia na matangazo ya misiba. Hana mega za kujengewa uwezo. Wenzetu wanaokaa karibu na mpaka walitoa kadi zao za Rwanda, maana huko Birere mawimbi ya Gisenyi yanaingia hadi jikoni bila kugonga mhuri. Wa mbali tukaomba neno la siri la hoteli. Likatolewa, tukaingia wote kwa pamoja, na mtandao ukakaa chini.

Halafu umeme nao ukaondoka. Msomaji wa mbali asidhani tunaishi gizani. Bwawa la Matebe kule Rutshuru linazalisha umeme tangu 2015, na tangu 2020 mji una kiwanda chake cha umeme wa jua. Ila waya kupita juu ya paa la shule ni jambo moja, na kushuka ndani ya darasa ni jambo la pili, lenye mita ya kulipia kwanza. Hotelini waliwasha jenereta. Shuleni kwangu tungefungua madirisha.

Tukafika kwenye zoezi. Kijana akatengeneza ukurasa mmoja kwenye Google Docs, akatutumia kiungo, akasema tuandike sote kwa wakati mmoja habari za mlima Nyiragongo. Kila mtu akawa na kishale cha rangi yake chenye jina lake. Robo saa ya kwanza ilikwisha kwa salamu. "Bonjour à tous." "Nami nimefika." "Mungu awabariki." Mmoja akabandika picha ya maua yenye andiko la Zaburi. Mwingine, akijaribu kuyatoa maua, akafuta ukurasa mzima, salamu na baraka zote zikaenda. Kijana akaturudishia kila kitu kutoka kwenye historia ya ukurasa, maana chombo hiki kinakumbuka kila herufi iliyowahi kuandikwa humo. Hilo liliwanyamazisha watu kidogo.

Kisha kazi ikashika moto, na hapo sitakibania chombo sifa yake. Mzee mmoja karibu na kustaafu aliandika juu ya mlipuko wa Januari 1977. Chini yake wakajazana wa tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Huyu anasema ilipita hapa, yule anasema hapana, pale kulikuwa na duka la mjomba wangu na mjomba alibaki na ufunguo tu. Wa chini zaidi wakaleta tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, lava ikasimama Buhene kabla ya kuufikia uwanja wa ndege, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, mji ukamiminika barabara ya Sake na magodoro kichwani. Mstari mmoja ulisahihishwa na watu sita, kila mmoja akiwa shahidi. Sijawahi kuona walimu wakiandika kwa hamu namna ile bila kuahidiwa kitu.

Ndipo Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, akaingia.

Waandaaji walikuwa wamewaalika pia wakuu wa shule, kwa sababu wakuu lazima wahusishwe. Kishale chekundu kikashuka taratibu, watu wakakipisha, kikaandika: "Nyiragongo ina urefu wa mita 3,740."

Ina mita 3,470. Mtoto wa Goma anaijua namba hii kabla hajaijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mimi naiandika ubaoni kila mwaka. Ukumbi mzima uliiona ile namba, na ukumbi mzima ukatia ulimi puani. Vishale vya rangi vikawa vinasogea hadi kwenye ile 7, vinasimama, vinapepesa, vinarudi nyuma. Mkufunzi, maskini, akadhani mtandao umekwama. "Sahihisheni jamani," akasema, "kwenye ukurasa huu wote mna haki sawa!"

Kwenye ukurasa, ndiyo. Lakini ukurasa haupangi ratiba. Ukurasa hauamui nani apewe saa ya saba ya Jumamosi, hausaini tathmini ya mwisho wa mwaka, wala haugawi kile kidogo kinachotokana na ada za wazazi. Hayo yote anayafanya Papa Prefe. Mwalimu mmoja wa kike, mwenye moyo kuliko sisi wanaume, aliandika pembeni: "Papa Prefe, samahani, labda..." Akakaa. Akafuta. Mahali pake akaweka: "Asante Papa Prefe kwa mchango." Wengine kumi wakaunga mkono kwa vidole gumba. Jioni tukaondoka tukiuacha mlima umeota mita 270 za heshima.

Kilichotokea usiku sikukiona, nakihadithia kama nilivyosimuliwa. Kiungo kilikuwa wazi kwa yeyote atakayekipata. Na katika mji huu, kitu kilichotumwa kwa walimu saa nane kinafika kwa wanafunzi kabla ya saa kumi na moja. Mwalimu ana mtoto, mtoto ana kundi. Sasa, anayeingia kwenye ukurasa wa namna hiyo bila kujitambulisha, Google humpa jina la mnyama. Wakaingia kiboko, ngamia, na kapibara. Walikuwa na adabu ya ajabu. Hawakufuta hadithi ya mtu. Walirekebisha nukta za juu kwenye Kifaransa chetu, zikiwemo zangu, wakaongeza jina la mtaa ambao sote tuliusahau. Na saa tatu kasoro usiku mmoja wao akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa Papa Prefe, akatoa 7, akatoa 4, akazirudisha kila moja mahali pake.

Asubuhi Papa Prefe alisimama mbele ya kitambaa cha rangi tatu. "Kapibara ni nani?"

Kimya.

"Anasoma shule gani huyu Kapibara?"

Mkufunzi akaeleza kwamba kapibara ni mnyama wa Amerika Kusini, wa jamii ya panya, mkubwa kuliko panya wote duniani. Maelezo haya hayakusaidia. Direkta wa nidhamu alipewa kazi ya kumtafuta, akapitia madaftari akilinganisha mwandiko, mpaka mtu alipomkumbusha kwamba simu haina mwandiko. Namba lakini haikurudishwa. Papa Prefe hakuirudisha, na hilo namhesabia. Alisema tu kwamba mwenyewe alikuwa anatupima.

Sasa nisikilizeni. Kile ambacho ukumbi wa wenye shahada haukuthubutu kwa siku nzima, mtoto asiye na jina alikifanya akiwa kitandani. Mafunzo yalitushughulikia vidole: bonyeza hapa, shiriki pale. Vidole hujifunza kwa saa moja. Shingo zetu hakuna aliyezigusa, na shingo ndizo zilizozoea kuinama. Wikipedia ile aliyotusimulia mkufunzi ina uzuri wake mmoja mkubwa ambao aliupita mbio. Haiulizi wewe ni prefe au ni NP, inauliza umeitoa wapi hiyo namba. Ukibadilisha, badiliko lako linabaki, sababu inabaki, na mkigombana kuna ukurasa wa majadiliano wa kugombania. Hayo ndiyo ningetaka wanafunzi wangu wayapate, maana mtoto anayejua kudai chanzo hadanganywi kirahisi, na mji huu kwa uvumi haujambo.

Lakini nitayaweka wapi? Inspekta akija anataka fishi ya maandalizi, jarida la darasa na daftari la mahudhurio, kwa wino, na sahihi ya prefe kila ukurasa. Nikimpa kiungo ataniuliza kimepigwa mhuri wapi.

Wala tusidanganyane kwamba intaneti ndiyo kizuizi. Tangu 2007 iko programu ya Kiwix inayoifungua Wikipedia bila mtandao, inakaa kwenye kadi ndogo ya simu. Iko Etherpad, ya kuandikia pamoja, unaweza kuiweka kwenye kompyuta moja darasani na simu zote zikaishika kwa mawimbi ya humo humo, bila hata mega moja. Hapo ng'ambo, Rwanda walianza mwaka 2008 kupokea zile kompyuta ndogo za kijani za watoto, nazo zilibuniwa ziweze kuunganika zenyewe kwa zenyewe bila intaneti. Haya yote mkufunzi aliyataja siku ya mwisho, wakati watu wameshavaa makoti wakitazama meza ya bahasha za nauli. Kwa nini hakuanzia hapo, sijui. Labda kadi ndogo haitundikiki ukutani.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa mafunzo yajayo, ambao najua wako njiani. Mega zitangulie, sisi tufuate. Leteni ile kompyuta moja ya darasani, muiache. Wakuu wa shule wapeni ukumbi wao na mkufunzi mwenye mvi, au mtuingize sote na majina ya wanyama, Papa Prefe akiwemo. Na nauli mkitupa kwa dola, tafadhali zikagueni kwanza: noti yenye mchaniko mdogo kama ukucha, hapa Goma hakuna mwenye duka anayeipokea.