Kirkland Si Mume Wangu



Mjomba, nasikia tangu nitume ile picha ya jikoni kwangu hapa Kent, karibu na Seattle, mbele ya duka lako kuna kikao kisichofungwa. Eti shangazi aliikuza picha kwa vidole viwili akaanza kusoma: mafuta Kirkland, mchele Kirkland, asali Kirkland, korosho Kirkland, maji Kirkland, na nyuma ya mlango karatasi za chooni, Kirkland. Akauliza huyu Kirkland ni nani hasa, na ana mamlaka gani humu ndani hata aandike jina lake mpaka chooni. Nasikia pia kuna mtu, sitamtaja, ameshaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari.

Tafadhali warudisheni ng'ombe malishoni, nieleze.

Kuna duka linaitwa Costco. La kwanza lilifunguliwa hapa hapa Seattle mwaka 1983. Mjomba, kuingia tu humo unalipa: dola 65 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 8,000, kabla hujagusa hata kiberiti. Na ukitoka kuna mtu mlangoni anakagua risiti. Hebu jaribu hilo dukani kwako Garsen. Mtu ameshuka basi la Lamu, ana kiu, umwambie toa kiingilio kwanza ndipo nikuuzie maji. Utalala na maji yako.

Sasa duka hili mwaka 1995 likaanza kutoa bidhaa zenye chapa yake yenyewe, likaziita Kirkland kwa sababu makao yake makuu yalikuwa kwenye mji wa jina hilo, ng'ambo ya ziwa kutoka Seattle. Baadaye makao yakahamia mji mwingine, Issaquah, lakini jina halikuhama. Ni kama wewe uite sukari yako Garsen Halisi, halafu uhamie Hola.

Mimi sikuamini mpaka nikaenda. Jumapili moja nikapanda basi hadi Kirkland nione viwanda vya asali na korosho. Nikakuta mashua, mikahawa, na watu wanatembeza mbwa waliovaa makoti. Nikaambiwa mji uliitwa hivyo kwa ajili ya Mwingereza mmoja, Peter Kirk, aliyekuja kwenye miaka ya 1880 kujenga kiwanda cha chuma. Kiwanda hakikutoa hata msumari. Kwa hiyo Kirk yupo, shangazi hakukosea sana, ila ni marehemu.

Mambo yenyewe wewe utayaelewa kuliko Wamarekani wengi. Duka halilimi wala halikaangi. Linaagiza kwa mwenye kiwanda, linabandika chapa yake, bei inashuka kwa sababu hakuna matangazo ya kulipia. Pakiti ya kahawa ya Kirkland kwa miaka mingi iliandikwa waziwazi kwamba aliyeikaanga ni Starbucks. Kahawa ile ile, shati lingine. Na mwaka 2007 kampuni moja ya Kanada, Menu Foods, iliporudisha mamilioni ya makopo ya chakula cha paka na mbwa kwa sababu ya sumu, watu wakashangaa kwamba chapa za fahari na chapa rahisi za madukani zilikuwa zinatoka mle mle. Paka ndio waliotoa siri.

Lakini usidhani watu wamekubaliana. Hapa ukitaka kuvunja karamu ya Wakenya, acha siasa, uliza tu nani ananunua chapa ya duka. Dada mmoja wa Malindi, muuguzi, hanunui kingine: sukari ni sukari, chumvi ni chumvi, na dawa ya maumivu anageuza kopo kutusomea kiambato na kipimo, ni vile vile, bei nusu. Mzee mmoja wa Kisumu anayeendesha lori anakubali yote isipokuwa tomato sosi; hiyo kwake ni Heinz ama chipsi ziliwe kavu. Kijana wa Lamu hataki hata kusikia habari ya majani ya chai yasiyo Ketepa. Naye mama wa Kimarekani ninayefanya naye kazi hagusi chapa ya duka yoyote. Alikulia Chicago, na mwaka 1977 maduka ya huko yalianza kuuza vyakula visivyo na jina kabisa, karatasi nyeupe na neno moja jeusi: maharagwe. Mamake alikuwa anavipanga kabatini vikiangalia ukutani.

Na mimi yalinikuta. Jumamosi moja niliwaalika watu wa Pwani, samaki wa nazi, sima. Nilikuwa nimenunua unga wa mahindi mweupe, chapa ya duka fulani, si hilo la kiingilio, rahisi mno. Maji yakachemka, nikamimina, nikasonga. Sima ikawa nyepesi mkononi kama inataka kuondoka. Nikaongeza unga. Ikaongezeka zaidi ya nilichoongeza. Nikafunika nikaandae samaki. Niliporudi mfuniko umeinuliwa, sima imechungulia ukingoni, ina vitundu vinavyofunguka na kufunga, inapumua, Mjomba. Yule dada wa Malindi akamega, akatafuna, akauliza kwa heshima kama hii tuinywe na chai. Nikaokota pakiti kwenye taka. Maandishi yapo: unga uliochanganywa hamira ya unga na chumvi, unaumuka wenyewe. Duka halikunidanganya. Nilisoma bei tu.

Aibu nyingine nitakuambia wewe peke yako, ingawa najua unasoma kwa sauti. Ile chupa ya Heinz mezani kwangu ni ya mwaka juzi. Naijazia ya bei rahisi wageni wakikaribia, na yule mzee wa Kisumu anaisifu kila akija. Sikujifunza Marekani. Nyumbani kopo letu la Kimbo halijaonja Kimbo tangu nilipokuwa darasa la tatu. Lilikuwa likija kwako tupu linarudi na mafuta ya kupima, na mgeni akija linawekwa mahali linapoonekana.

Ndiyo maana watu wakibishana hapa mimi nakumbuka duka lako. Gunia la kilo 50, mzani, kijiko cha bati kilichopinda, kipande cha gazeti unachokikunja kwa vidole vinne mpaka kinakuwa pembe. Hakuna chapa. Mtu akiulizwa sukari ametoa wapi, analitaja jina lako, basi. Wakati wa El Niño ya 1997, mto Tana ulipojaa na barabara ikakatika, uliuza kwa bei ya jana mpaka gunia likabaki vumbi, na daftari la madeni hukulifunga. Wenye maduka wa hapa wana mawakili na maabara, na bado jambo wanalolitafuta ni hilo: mtu asome jina la mwenye duka asigeuze pakiti. Mimi kwenye mafuta na korosho sigeuzi tena. Kwenye unga nageuza, naunusa, nausoma mara mbili.

Kuna mtu wa kwetu anasafiri mwezi ujao. Mpe samli ya Waorma, chupa yoyote, usihangaike na lebo, na uifunge vizuri isimwagikie nguo.

Na ile habari ya ng'ombe ifungwe rasmi leo. Mwambie shangazi Kirkland ni mji. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 92,175 humo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniposa.