Barua ya Wazi kwa Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya

YAH: MATUMIZI YA HOSPITALI YA WILAYA WAKATI WA MAAFA

Hospitali ya wilaya, kwa jinsi inavyoeleweka katika mihtasari ya vikao vya kamati, ni jengo ambalo viongozi hulitembelea baada ya maafa. Lina geti pana la kupitisha msafara, wodi yenye majeruhi wa kupewa pole, na kivuli cha kuwatosha waandishi wa habari. Zipo pia taarifa kwamba jengo hilohilo hutibu watu. Taarifa hizo ndizo zinazofafanuliwa hapa, endapo kamati itaziona zina manufaa kwa shughuli zake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi vijijini, hivyo viti havina upungufu. Maafa yenyewe, hata hivyo, hayajali ngazi. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na moto ukawakuta watu wakichota. Waliofariki walizidi 100. Walioungua walipokelewa kwanza na hospitali ya mkoa palepale mjini, ndipo mahututi wakasafirishwa kwenda Muhimbili, takriban kilomita 190. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80, na barabara zikazibwa na tope lilelile lililoleta majeruhi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichosajiliwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zikapotea roho zaidi ya 220. Kivuko hicho ndicho kilichokuwa kikiwavusha watu wa Ukara, wagonjwa wakiwamo. Katika matukio yote matatu saa za mwanzo ziliangukia kituo cha karibu, kwa watumishi waliokuwa zamu na vifaa vilivyokuwa kabatini. Helikopta huja, ila huja baadaye.

Kazi ya kwanza ya hospitali ni kuwapanga majeruhi mlangoni. Nyekundu ni ya anayehitaji kuokolewa sasa hivi; njano, ya anayeweza kusubiri kidogo; kijani, ya anayetembea mwenyewe; nyeusi, ya aliyefariki au asiyeokoleka kwa uwezo uliopo. Mpangilio huu una kasoro moja ya kiitifaki: hauna rangi ya mgeni rasmi. Kasoro hiyo imekuwa ikizibwa kwa vitendo. Mganga mfawidhi, ambaye kwa saa hiyo angekuwa akiamua nani aingie chumba cha upasuaji, husimama mbele ya ugeni na kusoma taarifa ya hospitali: idadi ya vitanda, idadi ya watumishi, mafanikio, kisha changamoto. Changamoto husomwa mwisho, wakati walinzi wa msafara wameshaanza kutazama saa.

Damu inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na vipaza sauti. Tangazo likitoka, wananchi hujaa uwanjani na kukunja mikono ya mashati. Moyo wao hauna dosari. Lakini damu iliyotolewa asubuhi haiingii mwilini mwa majeruhi asubuhi hiyohiyo. Sharti ipimwe kundi, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Anayevuja damu sasa huokolewa na chupa iliyolala kwenye jokofu tangu wiki iliyopita, siku ambayo hapakuwa na kamera. Tena, mwanamume akishachangia hukaa miezi 3 kabla ya kurudia, mwanamke miezi 4, na chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye jokofu hudumu takriban siku 35 hadi 42. Wilaya inayochangia yote kwa siku moja hujikuta baadaye na damu iliyoisha muda na wachangiaji wasioruhusiwa kurudi. Kalenda ya uchangiaji ya mwaka mzima ingetosha, ingawa haikatiwi utepe.

Yaliyobaki ni madogo na hayahitaji semina hotelini: dizeli ndani ya jenereta, mitungi ya oksijeni iliyojazwa, orodha ya simu za watumishi walio mapumzikoni, na zoezi la utayari linalofanywa usiku bila barua ya mwaliko. Zoezi lenye turubai na chakula cha mchana huonyesha utayari wa mpishi.

Mochwari huja mwisho, na kwa kawaida hufikiriwa mwisho. Ilijengwa kwa vifo vya siku za kawaida. Siku ya maafa hupokea miili kwa makumi, na nje ya ukuta ndugu huulizia majina. Rejesta moja inayoonyesha nani amelazwa, nani amepewa rufaa na wapi, nani ametambuliwa, huwapunguzia watu safari ya kuzunguka wodi kwa wodi wakifunua mashuka. Gharama yake ni daftari na karani. Kamati ina makarani, kwani orodha ya waliotoa rambirambi, pamoja na katoni za maji na vyeo vya watoaji, hukamilika kabla ya jua kuzama.

Nakala:
Mganga Mfawidhi (baada ya kusoma taarifa)
Fundi wa jenereta
Ofisa Itifaki, kwa utekelezaji