Sifa za Upele Uijuao Tarehe ya Upasuaji

Kamina tumewasifu machifu, mapadri na waliotandika reli. Upele haujapata hata hotuba moja, nami naona ni dhuluma. Leo nausifu, na nikisita kidogo katikati mnisamehe, nitakuwa najikuna.

Nianze na ratiba yake. Mji wetu ulikuzwa na makutano ya reli, lakini anayengoja treni ya Lubumbashi, Ilebo au Kalemie hawezi kukuapia ataondoka lini. Upele hauchelewi. Mwenye ngiri akishaambiwa atapasuliwa Jumatano, franga zikachangwa, glavu na nyuzi zikanunuliwa, shangazi akafika kutoka Kabongo kumuuguza, basi Jumapili usiku vidole vinaanza kuwasha. Kutoka vidoleni upele unateremka kiunoni, kisha unatua kwenye kinena, palepale kisu kinapokusudia kupita.

Wahenga walisema mpewa upele hana kucha. Huku kwetu kucha tunazo, tena ndefu, na humo ndimo ulimo ufundi wake. Mdudu mwenyewe hafiki nusu milimita. Mgonjwa wa kawaida ana wadudu kama 10 au 15 tu mwili mzima. Jeshi dogo hivyo lingefanya nini? Linachimba vijia chini ya ngozi na kutuachia sisi kazi iliyobaki. Tunajikuna, ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, usaha unatunga. Munganga akiona hayo anaahirisha, na ana haki: kukata juu ya ngozi yenye usaha ni kuupeleka uchafu ndani ya kidonda. Ngiri iliyonasa tu ndiyo haingoji, maana hiyo huua. Hapo hata upele hukaa kando.

Ni nani mwingine Kamina anayeweza kuzuia kisu bila barua wala mhuri?

Tena upele una mapenzi ya nyumba nzima. Baba akipakwa dawa peke yake, unamngoja kwenye blanketi analojifunika na watoto. Aliyeupata mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kujikuna, huku akiugawa kwa ukarimu. Aliyewahi kuugua akiambukizwa tena, siku 1 hadi 4 zinatosha. Kumbe ule unaoitwa upele sugu mara nyingi ni mgeni aliyetoka kwenye mkeka wa jirani yako wa kulala.

Rafiki yake mkubwa ni ile tyubu ya sokoni ya kung'arisha uso. Mara nyingi ndani yake mna steroidi. Ukiipaka kinenani mwasho unatulia, wekundu unafifia, na wadudu wanazaliana kwa amani. Mgonjwa anafika hospitali ana ngozi ya bi harusi na shamba zima chini yake.

Wataalamu nao wameupa heshima, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1687 Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni, kule Italia, walieleza kuwa chanzo chake ni kidudu, si damu chafu. Ilichukua zaidi ya karne moja madaktari kukubali. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017. Hata ivermektini, kidonge kinachogawiwa vijijini kwetu dhidi ya upofu wa mtoni, huuhujumu. Waliogundua chanzo cha kidonge hicho walipata Nobel mwaka 2015. Nani kati yetu ana maadui wa hadhi hiyo?

Kuushinda ni kazi isiyo na sifa yoyote. Dawa ya kupaka inashuka kutoka shingoni hadi nyayoni, watu wote wa nyumba usiku mmoja, anayejikuna na asiyejikuna, kisha inarudiwa kama munganga alivyoagiza. Nguo na mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto. Blanketi lisilofulika linafungwa ndani ya mfuko wa plastiki siku zisizopungua 3. Na mwasho ukiendelea wiki mbili au zaidi wadudu wakiwa wameshakufa, hospitali iambiwe, isije ikaahirisha tena bure.

Mwenye ngiri wetu amepewa tarehe mpya. Baba, mama, watoto, hata mpangaji wa chumba cha nyuma wamepakwa. Shangazi wa Kabongo amekataa. Anasema yeye hawashwi mahali popote, na usiku huo amelala na watoto kama kawaida.