Mjomba Upepo Awajibu Warefu

Safari hii mfuko wa barua umejaa malalamiko ya watu wa aina moja: wale ambao daladala huwapinda shingo na vitanda vya gesti huwaacha nyayo nje. Wote wana pikipiki, wote wanapigwa na upepo, na karibu wote wamejipangia dawa kabla ya kumwona mganga. Wanataka kioo cha mbele kirefu zaidi. Mjomba Upepo, ambaye kazi yake ni kuwavurugia watu maamuzi waliyoyafikia peke yao, amevaa miwani na kuanza kusoma.

Wa kwanza anajiita Mlingoti wa Makambako. Ana urefu wa futi 6 na inchi 4, kanunua BMW kubwa iliyokwishazunguka Ulaya, na kila akifika kilomita 90 kwa saa helmeti yake inatikisika hadi vibao vya barabarani anaviona viwili viwili. "Shikamoo Mjomba," anaandika. "Kioo nilichonacho kinaniishia kifuani. Nimeona kingine kinachokizidi kwa sentimita 15. Niagize?"

Mjomba anaitikia marahaba, kisha anamwomba mpwa wake aweke simu chini kwanza.

Upepo unaompiga mtu aliyekaa wazi, anaeleza, una nguvu lakini hauna vurugu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kifua na mabega ya mtu mkubwa, tuseme theluthi ya mita moja ya mraba, vinapokea msukumo wa kama kilo 2.5. Mwendo ukifika 100, msukumo unapanda hadi kilo 15 hivi, kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Hilo linachosha mikono na shingo, ila halitikisi kichwa. Kinachotikisa kichwa ni ukingo wa kioo chenyewe. Hewa ikiruka pale juu huacha nyuma ya kioo nafasi yenye kanieneo ndogo. Hewa ya pembeni na ya chini hukimbilia kuijaza. Na pale hewa iendayo kasi inapopakana na ile iliyotulia, huzaliwa vimbunga vidogo, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika. Mwenye futi 5 na nusu amekaa chini ya mpaka huo. Mlingoti ameuchomeka kichwa chake katikati.

Kwa hiyo dawa ziko mbili, na moja yake Mlingoti hakuifikiria: kuupandisha mpaka upite juu ya helmeti, au kuushusha upite mabegani. Mjomba anamwagiza atafute barabara iliyonyooka, asubuhi isiyo na malori, aende kilomita 80 kwa saa, halafu asimame kidogo juu ya vikanyagio. Makelele yakigeuka kuwa mvumo mmoja na kichwa kikatulia, basi kimetoka juu ya vurugu, na hata kioo kifupi zaidi kinaweza kumfaa. Kisha akae, ajikunje taratibu huku macho yakiwa barabarani. Kama utulivu anaupata huko chini, akadirie ameshuka sentimita ngapi. Hizo ndizo za kuongeza kwenye kioo, wala si 15 alizoziona kwenye picha.

Na kuna kikomo. Ukingo wa juu uishie usawa wa katikati ya pua na mdomo wa dereva akiwa amekaa kama anavyokaa siku zote, na helmeti yake kichwani. Hewa ikishauacha ukingo huendelea kupanda, kwa hiyo kinga inafika juu kuliko plastiki yenyewe. Macho yapite juu ya kioo. Anayetazama barabara kupitia ndani yake ataukumbuka ushauri huu usiku wa mvua, kioo kisicho na waipa kimejaa matone na mizoga ya wadudu, na lori linakuja na taa kamili.

Mjomba ana jambo jingine la kumkera. Mlingoti anataja mwishoni, kama jambo dogo, kwamba amepandisha kiti ili magoti yasimuume. Hapo ndipo sehemu ya ugonjwa ilipo. Kila sentimita ambayo magoti yamepewa imekitoa kichwa sentimita moja nje ya kivuli cha kioo. Warefu wengi huingia katika mzunguko huu: kiti juu kwa ajili ya magoti, kioo juu kwa ajili ya kichwa, kisha kioo kipya kinazaa shimo kubwa zaidi la hewa nyuma yake na mgongo unaanza kusukumwa kwenda mbele. Pengine vikanyagio vingeshushwa badala ya kiti kupandishwa. Pengine nafasi ya vidole viwili kati ya sehemu ya chini ya kioo na dashibodi ingetosha, maana hewa ikiruhusiwa kupenya pale inalijaza lile shimo bila fujo. Harley-Davidson walifanya hivyo kwenye pikipiki zao kubwa za mwaka 2014: walitoboa tundu la hewa kwenye gamba la mbele, lenye kifuniko ambacho dereva anaweza kukifunga.

Kama kweli kinachopungua ni sentimita chache, kuna vipande vya nyongeza vinavyobanwa kwenye ukingo wa kioo cha zamani na kuinamishwa juu au chini. MRA ya Ujerumani wanavitengeneza, na Givi ya Italia pia. Givi ilianzishwa mwaka 1978 na Giuseppe Visenzi, mwanamashindano aliyepata kukimbia Grand Prix, kwa hiyo hapo angalau mtu ameshapigwa upepo kabla ya kuuza bidhaa.

Barua ya pili ina hasira. Twiga wa Morogoro analalamika kuwa viwanda vya pikipiki vinawadharau watu warefu na kwamba hakuna mhandisi aliyewahi kulifikiria suala hili. Mjomba anamkubalia nusu tu. Moto Guzzi walijenga handaki la upepo kiwandani kwao Mandello del Lario mwaka 1950, kubwa kiasi cha kuingiza pikipiki nzima pamoja na dereva wake. BMW waliipeleka R 100 RS kwenye handaki la Pininfarina huko Italia kabla ya kuiuza mwaka 1976 ikiwa na gamba kamili la mbele. Huko Marekani, Craig Vetter aliuza gamba lake la Windjammer kuanzia mwaka 1971, akilitengeneza ili liweze kufungwa kwenye pikipiki za viwanda mbalimbali. Tatizo ni kwamba handaki linampima dereva mmoja kwa wakati mmoja, na pikipiki inanunuliwa na watu elfu wa vimo elfu. Katikati ya miaka ya 1990 BMW walisalimu amri kwa namna yao: R 1100 RT ilikuja na kioo kinachopanda na kushuka kwa mota ya umeme. Twiga akiona bei ya pikipiki za aina hiyo atarudi kwenye spana na mabano ya kurekebisha, na Mjomba haoni aibu yoyote katika hilo.

Nguzo wa Marsabit anaendesha bodaboda ya cc 150. Fundi wa jirani amemkatia plastiki inayofika juu ya helmeti, akaifunga kwenye usukani, na sasa pikipiki "inacheza kama imelewa". Jibu ni fupi: aifungue leo. Anaishi katika kaunti iliyosimamishiwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, na waliojenga hawakuchagua mahali hapo kwa bahati. Kioo kilichofungwa kwenye usukani hufanya kila dhoruba ya ubavuni igeuke kuwa mkono wa mtu mwingine unaokata kona kwa niaba ya dereva. Pikipiki kubwa za safari ndefu mara nyingi hukifunga kwenye fremu ili usukani ubaki huru. Na mwavuli mkubwa ambao Nguzo anasema anataka kuuongeza nyuma ya kioo hicho, Mjomba hataki hata kuusikia. Kwa mwendo wa mjini, kizibao kizuri kinatosha.

Mume mmoja wa Mombasa ameandika akiomba jina lake lisitajwe, na sababu inaonekana. Amenunua kioo kirefu, sasa anasafiri katika utulivu wa msikitini, lakini mkewe aliyeketi nyuma anasema tangu siku hiyo masikio yanamvuma mpaka usiku. Mjomba hashangai. Kiti cha nyuma huwa juu zaidi, na hewa iliyokivuka kichwa cha bwana inatua usoni mwa bibi. Pengine kioo kipana chenye ukingo wa chini kidogo kingewafaa wote wawili. Pengine bibi asogee mbele zaidi. Lakini mvumo wa masikio haungoji majaribio. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inapendekeza sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Zikifika 100 zinabaki dakika 15. Ndani ya helmeti, kwenye barabara kuu, upepo peke yake unaweza kufika huko. Vizibo vya masikio ni bei ya soda mbili tatu, na vinunuliwe viwili viwili: vyake na vya mkewe. Halafu huyo mama ndiye apewe kauli ya mwisho kuhusu kioo kinachofuata.

Wa mwisho ni fundi wa Arusha, mtu wa vitendo. Anauliza kama kioo kirefu cha mteja kinaweza kukatwa, na akisafishe kwa kitu gani. Kinaweza. Aweke utepe wa karatasi juu ya mstari, atumie msumeno wenye meno madogo, akate sentimita 2 tu, mteja akapande na kurudi, ndipo akate nyingine. Kisha apige msasa ukingo uwe wa mviringo. Kama ni polikaboneti, kitavumilia jiwe la barabarani kuliko akriliki, ila petroli na dawa za kusafishia vioo zenye amonia hukipasua nyufa ndogo ndogo, kwa hiyo ni maji, sabuni laini na kitambaa kilicholowa kiachwe juu yake mpaka wadudu walainike. Matundu yawe mapana kidogo kuliko bolti, kwa kuwa plastiki hutanuka juani, washa ziwe za mpira, na nati zikazwe kwa vidole kwanza, kisha robo mzunguko wa spana, basi.