Kesi ya Simu Iliyokataa: Hotuba ya Bingwa wa Sahihi kwa Watu wa Same

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mlioteremka alfajiri kutoka Vudee, Chome na Mbaga kwa magari ambayo mcha Mungu hupanda akiwa amekwisha kuandika wasia, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliojibana karibu na mlango ili mpate kutoroka: nawashukuru kwa taadhima kubwa kwa kuniitikia. Najua kwamba kadi ya mwaliko niliiandika mimi, nikaitia sahihi mimi, ikagawiwa na mpwa wangu. Lakini elimu ikingoja kuombwa itazeekea kifuani mwa mwenye nayo, na kifua changu, kama mnavyokiona, kimejaa.

Cheo changu ni Bingwa wa Sahihi za Programu katika Upare wa Kusini na wa Kaskazini. Nilipewa kwa kauli moja, katika kikao nilichohudhuria peke yangu.

Maudhui yetu adhuhuri hii, katika joto hili la Same ambalo hata mibuyu imelivulia majani, ni masaibu yanayompata mtu anayetaka programu aliyoiandika mwenyewe ifunguke ndani ya simu ya mkononi. Aghalabu mambo huanza hivi. Kijana wa Mamba, kunakostawi tangawizi, ameandika programu ya kumjulisha mkulima bei ya sokoni kabla mlanguzi hajamjulisha bei yake yeye. Ameihangaikia miezi minne. Ndani ya kompyuta, katika ile simu ya kuigiza, inakwenda kama maji ya mfereji. Basi anaazima iPhone, anaichomeka kwa waya, anabonyeza kile kipembetatu kinachoelekea kulia, anakaa kitako kungoja matunda ya jasho lake. Na kompyuta, baada ya kutafakari kwa muda ambao ungemtosha mtu kuchambua sinia zima la mchele, inamtolea maandishi mekundu, na katikati ya wekundu huo neno moja refu lisilo na mahali pa kuvutia pumzi, errSecInternalComponent, ambalo nimelitafuta katika kamusi zangu zote, yaani zote mbili, nisilione.

Hapo ndipo ujahili hudhihiri. Mmoja husema simu ni mbovu. Wa pili husema Mac imeingia mdudu. Wa tatu, ambaye amewahi kufika Dar es Salaam, husema futa kila kitu uanze upya. Mimi nasema shauri hili halitaki fundi. Linataka wakili.

Watani wetu wa Kilimanjaro husimulia, wakidhani wanatutukana, kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushinda kesi ya kuku. Nami nasimama hapa kuwathibitishieni kwamba iPhone, ijapokuwa ilisanifiwa California, ni Mpare wa damu. Haipokei programu kwa uso mzuri wala kwa ujirani; hufungua baraza, huita mashahidi, na shahidi mmoja akikosekana, au akitaja jina kwa herufi tofauti na mwenzake, hukunja mkeka na kwenda zake. Tuchukue mfano. Tuseme muungwana fulani, ambaye si lazima awe mimi, anadaiwa mbuzi na mama mmoja. Je, mama huyo atafika baraza la kata aseme tu "nipeni mbuzi wangu", akapewa? Hasha. Ataulizwa mbuzi ni wa rangi gani, alichukuliwa siku gani, na, juu ya yote, nani aliyeona. Na asipomleta aliyeona, yule muungwana ataendelea kulala usingizi wake. Mama uliyekaa mbele, mwenye kitenge cha kijani, tafadhali usinitazame hivyo. Nimesema ni mfano.

Shahidi wa kwanza, naye ndiye sultani wa mashahidi, ni ufunguo wa siri. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, Wamarekani, walitangaza hekima ambayo ningeitangaza mimi laiti ningalikuwa nimekwisha kuacha kuchunga mbuzi: kwamba mtu aweza kuwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja, mmoja wa hadhara na mmoja wa siri, na kilichotiwa muhuri kwa ule wa siri kikathibitishwa na mtu yeyote kwa ule wa hadhara, bila mthibitishaji huyo kupata uwezo wa kuughushi muhuri. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaipatia hesabu ya kuitekeleza. Wala asitokee mzee wa kuniambia kwamba sahihi isiyo ya wino si sahihi, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe, imekwisha kuitambua.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wameangamia. Ufunguo wa siri hukaa katika kompyuta ile ile ulimozaliwa, ndani ya sanduku liitwalo Keychain; na cheti unachokipakua kutoka Apple si ufunguo, ni waraka unaosema kwamba ufunguo upo mahali. Mtu ananunua kompyuta nyingine, anapakua cheti chake, anakiona kimekaa vizuri kwenye orodha, na bado anakataliwa, kwa kuwa amekwenda na hati ya nyumba mkononi huku funguo za mlango zimebaki katika mfuko wa suruali aliyomgawia binamu yake. Dawa ni kurudi kwenye kompyuta ya zamani, kuvitoa cheti na ufunguo pamoja katika faili moja la aina ya p12 lenye nywila, na kulipeleka kwenye mpya. Ikiwa ya zamani imekwisha kuuzwa Moshi, omba cheti kingine, wala usilie mbele za watu. Ama lile neno refu lisilo na pumzi, mara nyingi maana yake ni kwamba sanduku limefungwa, au kompyuta haijapewa idhini ya kuugusa ufunguo uliomo: lifungue kwa nywila yako, na dirisha la kuomba ruhusa likitokea, ruhusu moja kwa moja, badala ya kulifunga kwa hasira kama nilivyofanya mimi mara kumi na moja katika kipindi cha utafiti wangu.

Cheti nacho hakisimami kwa miguu yake. Ninyi wenyeji wa milimani mnaijua ndiva, bwawa la wazee huko juu linalokusanya maji usiku, na mfereji unaoyateremsha asubuhi, na shamba linalokunywa kwa zamu. Cheti kikuu cha Apple ni ndiva. Cheti chako ni shamba. Na kati yao kuna mfereji, cheti cha katikati, ambacho watu hawajui kama kipo mpaka siku kinapokauka. Tarehe 14 Februari 2016 kilikauka, yaani muda wake ulikwisha, na watengenezaji wa programu katika pande zote za dunia, waliokuwa wameamkia sikukuu ya wapendanao, wakakuta vyeti vyao vinaitwa batili, ilhali ndiva imejaa na mashamba hayana kosa lolote. Iliwapasa wapakue cheti kipya cha katikati, kisha wakifute kile kikuukuu kilichojificha ndani ya Keychain. Wako waliotaka kulazimisha mambo kwa kukiwekea cheti alama ya kuaminiwa daima; hao waliharibu zaidi, kwa kuwa kompyuta haipendi kufundishwa imani kwa nguvu, na hata leo atendaye hivyo hana budi kurudisha mpangilio wa kawaida.

Mashahidi waliobaki nitawapitisha haraka, maana naona mzee wa pembeni amekwisha kuvua kofia kwa ajili ya usingizi. Jina la programu, liandikwalo kinyumenyume kwa nukta, mathalani tz.tangawizi.bei, sharti lifanane herufi kwa herufi na lililosajiliwa. Namba ya utambulisho ya simu, wala simaanishi ile ya kupigiwa, ilikuwa na herufi na tarakimu 40 mpaka zilipokuja simu za mwaka 2018 zenye 24 zilizokatwa kwa kistari. Isipokuwemo katika orodha, haidhuru programu ingeandikwa na malaika, haiingii. Haki ambazo programu inazidai, kama vile kumtumia mtu taarifa simu ikiwa mfukoni, nazo lazima ziwe zimeandikwa. Yote hayo hukusanywa katika hati moja ambayo vijana huiita profaili, nayo ina tarehe ya kufa. Basi kompyuta iliyorudishwa saa nyuma miaka miwili, au kupelekwa mbele, itaona kila hati bado haijazaliwa, au ni maiti.

Nawasihi msidhani kwamba simu ikikataa inamchukia mtu. Mwezi Januari 1945 babu zetu waliteremka kwa maelfu kutoka milimani, wakaja wakakaa hapa hapa Same, penye boma, kuipinga kodi ya mbiru, na wakubwa wa siku zile wakawaona watu wasiotaka kulipa kodi. Kumbe walikuwa tayari kulipa. Walichokikataa ni kukadiriwa mmoja mmoja kwa utaratibu wasiouridhia. Marehemu babu yangu alikuwamo, ijapokuwa alichelewa na kukuta kivuli kimekwisha. Ndivyo ilivyo iPhone: programu haina neno nayo, imekaa chini kwa ajili ya utaratibu, na haitainuka kwa kufokewa.

Kwa hiyo jihadharini na dawa ya yule mtu aliyefika Dar es Salaam. Mimi mwenyewe, katika siku za ujana wangu wa kitaaluma, yaani mwaka juzi, nilifanya kazi na kikundi cha vijana wanne, na siku moja nilipokataliwa nikabatilisha vyeti vyote nilivyoviona mbele yangu, nikidhani nafagia uwanja. Vilikuwa vyeti vya wenzangu. Profaili zote zilizovitegemea zikafa pamoja navyo, na vijana wale wakashinda siku mbili bila kazi. Niliwaeleza kwamba hayo yalikuwa mageuzi.

Wenye Android msicheke, nanyi mnatia sahihi, ila mnatiliwa mkiwa usingizini. Android Studio humtengenezea mtu ufunguo wa majaribio bila ya kumwuliza, ikauficha katika folda iitwayo .android, na nywila ya siri hiyo ni neno android, ambalo dunia nzima inalijua. Taabu huja pale toleo lililotiwa sahihi kwa kompyuta ya Same linapokutana ndani ya simu na toleo la kompyuta ya Mwanga: simu hukataa kuliweka la pili juu ya la kwanza, na mtu huambiwa alifute la kwanza. Asichoambiwa ni kwamba hufutika pamoja na kila kilichomo. Mkulima mmoja alipoteza hesabu za misimu miwili kwa ushauri wangu huo. Hakunena neno, alinitazama tu.

Sasa twende kwenye vitendo. Ada ya Apple kwa mtengenezaji ni dola 99 kwa mwaka, nayo humwezesha kuorodhesha hadi vifaa 100 vya kila aina. Ipo pia njia isiyo na ada, ambayo ndiyo niliyoichagua mimi, si kwa ubahili, bali kwa utafiti. Mpwa wangu, lete simu. Mabibi na mabwana, ufa huu wa kioo hauhusiani na somo. Hii hapa picha ya tangawizi, nimeichora kwa mkono wangu, msiseme ni kiazi. Naigusa. Naigusa tena. Inasema programu haipatikani. Mpwa wangu ananinong'oneza kwamba profaili ya bure huishi siku 7, na kwamba leo ni siku ya 8. Ahsante. Nilikusudia iwe hivyo, ili mpate kuliona tatizo likiwa hai.

Tunaichomeka katika kompyuta. Kompyuta haiioni simu. Naambiwa waya huu tuliouazima kwa muuza chipsi wa stendi ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za kupitishia data. Andikeni hilo pia, kwamba bingwa hushuku waya kabla ya kushuku sahihi, japo leo ametanguliwa na mpwa wake. Huo hapo wa pili. Mpwa wangu ameamua kuifuta kwanza programu ya zamani, nami nimemruhusu, ingawa hakuniuliza. Hali ya mtengenezaji, iliyoletwa na iOS 16 mwaka 2022 na kuwekwa ndani kabisa katika mipangilio ya faragha na usalama, tulikwisha kuiwasha wiki iliyopita, simu ikazimika na kuwaka kama inavyopasa. Inajenga. Inatia sahihi. Imeingia!

Limebaki neno moja. Kwa kuwa iliyofutwa ndiyo iliyokuwa programu yangu pekee humu, simu imenisahau. Washa data, mpwa wangu, maana huthibitisha kwa intaneti. Ingia katika mipangilio ya jumla, penye udhibiti wa kifaa. Jina langu hilo limetokea, kamili, pamoja na la baba. Na chini yake simu inauliza, kwa Kiingereza, nami nawafasiria: je, mtengenezaji huyu anaaminika?

Nani amesema hapana?

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba utulivu ukumbini. Mama, nilisema ulikuwa mfano. Mpwa wangu, bonyeza. Mbona hubonyezi? Mama, mbuzi wa kahawia mwenye sikio lililokatika simkatai kwamba yupo duniani, na yamkini alipita karibu na uwanja wangu. Lakini sisi sote hapa ni Wapare, tunajua sheria, na shahidi huna.

Mpwa wangu, mbona umenyoosha mkono?